SIFONGO: MNYAMA WA BAHARI ASIYE NA KICHWA WALA MOYO

Hakuna msomaji wa Injili katika nchi ya Kitui asiyelijua neno sifongo. Amelikuta katika habari za kusulubiwa kwake Yesu, na kila Ijumaa Kuu hulisikia likisomwa kanisani. Lakini sifongo yenyewe ni wachache walioiona. Aulizwapo mtu sokoni, aghalabu hujibu kwamba ni dodoki, yaani lile tunda la mmea utambaao ambalo likisha kukauka hubakia nyuzi tupu za kujisugulia mwili. Mwingine huonyesha kile kipande laini cha manjano kiuzwacho madukani kwa kuoshea vyombo. Majibu yote mawili si ya kweli, ingawa si ya kuchekwa. Dodoki ni jamaa ya boga na kibuyu, na kipande cha dukani kimetoka kiwandani. Sifongo ya Injili ni mnyama; au, kwa usahihi zaidi, ni kile kinachosalia baada ya mnyama huyo kufa na nyama yake kuoza na kuoshwa.

Wakamba si wageni wa bahari hata habari hizi ziwe ngeni kwao kabisa. Katika karne ya 19 misafara ya Kitui ilichukua pembe za ndovu mpaka Rabai na Mombasa, na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Bwana Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyekaa Rabai, alipanda mpaka Kitui mwaka 1849, akawa mgeni wa Kivoi, yule mfanya biashara mashuhuri, na huko Kitui, tarehe 3 Desemba, akauona Mlima Kenya. Mwaka uliofuata, yaani 1850, Injili ya Marko katika lugha ya Kikamba ilipigwa chapa Ujerumani. Katika Injili hiyo sifongo imo. Basi mnyama huyu aliandikwa habari zake kwa Kikamba zaidi ya miaka arobaini kabla ya reli kuanza kujengwa Mombasa.

MMEA AU MNYAMA?

Swali hili limewasumbua watu wenye elimu kwa muda wa miaka elfu mbili na zaidi. Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani, aliona kuwa sifongo ina hisia ya namna fulani, akaiweka mahali pa katikati, karibu na wanyama. Carl Linnaeus wa Sweden, ambaye utaratibu wake wa kutoa majina kwa viumbe ndio unaofuatwa mpaka leo, aliipa sifongo ya kuogea jina la Spongia officinalis mwaka 1759, na katika kitabu hicho aliiandika pamoja na mimea. Mwaka 1765 Mwingereza John Ellis akaeleza kwamba ameona maji yakiingia na kutoka katika sifongo hai, jambo lisilofanywa na mmea. Hata hivyo watu waliendelea kubishana.

Aliyemaliza ubishi alikuwa Robert Grant wa Edinburgh, ambaye kati ya miaka ya 1825 na 1827 aliweka kipande cha sifongo hai katika kisahani cha maji ya bahari, akakitazama kwa darubini ya vitu vidogo. Aliona maji yakitoka katika tundu moja kubwa kwa nguvu, kama chemchemi, wala hayakukoma. Mwanafunzi mmoja kijana aliyefuatana naye siku hizo kutafuta wanyama ufukoni alikuwa Charles Darwin. Grant ndiye aliyelipa kundi hili lote jina la Porifera, maana yake "wenye matundu".

Ajabu ni kwamba sarufi ya Kiswahili ingali upande wa Linnaeus. Husemwa "sifongo hii", wala hapana asemaye "sifongo huyu".

JINSI ANAVYOISHI

Mnyama huyu hana kichwa, hana moyo, hana tumbo, hana mishipa ya fahamu. Akiisha kushika mwamba hahami tena. Mwili wake umejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo huingia katika mifereji, na mifereji huishia katika vyumba vidogo vya mviringo. Ukutani mwa vyumba hivyo zimo seli zenye mjeledi mmoja mmoja, na kila mjeledi umezungukwa na kola mfano wa kola ya shati. Mijeledi hiyo hupiga mchana na usiku. Maji huvutwa ndani, vijidudu vilivyomo hunaswa na kuliwa, kisha maji safi hutupwa nje kwa lile tundu kubwa. Kwa siku moja sifongo hupitisha maji yanayozidi ukubwa wa mwili wake mara maelfu. Ni chujio lenye uhai, na kama lilivyo kila chujio, adui yake ni tope. Jambo hilo litarudi mbele katika habari hizi.

Mwaka 1907 profesa Mmarekani H. V. Wilson alifanya jaribio ambalo bado hufundishwa vyuoni. Alichukua sifongo hai akaikamua katika kitambaa cha hariri chenye matundu membamba sana, hata seli zake zikatawanyika majini kama vumbi. Baada ya muda seli zile zikaanza kutambaa, zikakutana, zikashikamana, na mwisho wake zikawa sifongo tena. Mkulima wa Kitui ajuaye kwamba kijiti cha muhogo kikikatwa na kuchomekwa ardhini huwa shina jipya, hatashangaa sana akiambiwa kwamba sifongo nayo yaweza kupandwa kwa vipande. Lakini muhogo haukupondwa kwanza kuwa unga!

UKOO WA SIFONGO ZA KUOGEA

Wataalamu wameandika majina ya namna za sifongo zaidi ya 9,000, na kila mwaka mpya huongezwa. Zote zimegawanywa katika makundi makubwa manne. Moja lina mifupa ya chokaa. La pili lina mifupa ya kioo, nalo hupenda vilindi vyenye baridi na giza. La tatu ni dogo, nalo halikupewa daraja yake lenyewe mpaka karne hii ya 21. La nne, Demospongiae, ndilo lenye namna nyingi kupita yote, zaidi ya nane katika kila kumi.

Sifongo nyingi haziwezi kugusa ngozi ya mtu. Ndani yake mna miiba midogo mno ya silika, ambayo ndiyo mawe ya kioo, na mtu akijisugua nayo atatoka damu au atawashwa kutwa. Zile za kuogea hazina miiba hiyo hata mmoja. Mwili wao husimama kwa nyuzi laini za kitu kiitwacho spongini. Ukoo wao huitwa Spongiidae, na jina hilo lilitolewa na John Edward Gray wa Makumbusho ya London mwaka 1867.

Hapo ndipo kazi ya kuainisha inapokuwa ngumu, kwa maana kuna koo nyingine za karibu ambazo pia hazina miiba, zina nyuzi, na kwa macho zafanana na Spongiidae kama ndugu wa tumbo moja. Mkamba akitaka kumjua mtu humwuliza mbari yake, kama ni wa Aombe, wa Atangwa au wa Anzauni, naye hujibu. Sifongo haijibu. Wala umbo haliaminiki, kwa sababu sifongo ya namna moja yaweza kuwa bapa mahali penye mawimbi na ndefu mahali palipotulia. Na rangi hubadilika kwa mwanga wa jua. Hapana budi mtaalamu aikate, achukue uzi mmoja, autazame kwa darubini.

Akiona kwamba uzi ni mango, wa namna moja tangu nje mpaka ndani, basi yumkini ni Spongiidae. Akiona una matabaka, kama kitunguu kilichokatwa, na kiini chepesi katikati, ni ukoo wa Thorectidae. Akikuta baina ya nyuzi mna vijiuzi vingine vyembamba mno, visivyohesabika, vyenye kifundo mwishoni, huo ni ukoo wa Irciniidae, nao ni mgumu hata kisu hushindwa kuukata vizuri. Dysideidae nao hupenda kujaza mchanga ndani ya nyuzi zao, wakikauka huvunjika kama mkate wa juzi. Mtu aliyepoteza siku nzima akivua sifongo za koo hizi tatu za mwisho amepata hasara tupu. Haziuziki kwa kuogea.

Hata ndani ya Spongiidae zipo nzuri na mbaya. Nyuzi zao ni za aina mbili: zile kuu, zisimamazo kuelekea nje, ambazo mara nyingi hubeba chembe za mchanga, na zile ndogo zinazounganisha, ambazo ni safi. Nyuzi kuu zikiwa chache na mchanga ukiwa kidogo, sifongo huwa laini na hunyonya maji mengi. Jenasi ya Spongia ina mwili ulioshikamana. Jenasi ya Hippospongia ina mapango makubwa chini ya ngozi, hata wafanya biashara huifananisha na sega la nyuki, mfano ambao mrina asali wa Mwingi atauelewa upesi kuliko mtaalamu yeyote wa Ulaya. Coscinoderma ni jenasi ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Katika kisiwa cha Pohnpei namna yake moja imepandwa kwa ajili ya kuuzwa.

WANAKOPATIKANA

Ukoo huu hupenda bahari zenye joto au vuguvugu na maji yasiyo na kina kirefu. Sifongo zilizo maarufu kwa biashara zilitoka sehemu mbili za dunia: Bahari ya Kati, hasa pwani za Uyunani, Uturuki, Shamu, Tunisia na Libya, na upande wa pili, Florida, Kuba na visiwa vya Bahama. Katika kisiwa cha Kalymnos, Uyunani, wanaume karibu wote waliishi kwa kupiga mbizi. Vazi la mzamiaji lenye kofia ya shaba lilipoletwa huko katika miaka ya 1860, mavuno yaliongezeka sana, na vilio navyo vikaongezeka, maana wapiga mbizi walipanda juu upesi kutoka vilindini bila kujua hatari yake, wakafa au wakapooza viungo.

Kisha likaja pigo lisilotazamiwa. Mwaka 1938 na 1939 ugonjwa uliua sifongo nyingi mno katika Bahama, Florida na Honduras ya Kiingereza, nchi iitwayo sasa Belize. Bei ilipanda, na viwanda vikapata nafasi ya kuuza sifongo za kutengeneza, zile za madukani. Bahari ya Kati nayo ilipatwa na ugonjwa mkubwa kuanzia mwaka 1986, na sehemu nyingi hazikupona sawasawa.

Pwani ya Afrika ya Mashariki haikuwamo katika biashara hiyo kubwa, lakini wachunguzi waliifikia mapema. Robert von Lendenfeld aliandika juu ya sifongo za Unguja mwaka 1897. Cyril Crossland alikusanya wanyama wa bahari Unguja na pwani ya Kenya mwaka 1901 na 1902, na zile sifongo zake za chokaa zikaelezwa na C. F. Jenkin mwaka 1908. Mwaka 1993 Mtaliani Gustavo Pulitzer-Finali alitoa maelezo marefu ya sifongo za Afrika ya Mashariki, na maandishi yake bado hutumiwa na wanaofanya kazi hii. Lakini ni kweli kwamba muda mrefu sampuli nyingi zilikwenda kukaa katika makumbusho ya Ulaya, na mtu wa Mombasa aliyetaka kujua jina la kiumbe cha mlangoni kwake alilazimika kuandika barua mbali.

Faida ya kujua jina si ya kuogea peke yake. Sifongo moja ya Karibi, ya ukoo mwingine kabisa, ilichunguzwa na Werner Bergmann, ambaye mnamo mwaka 1950 alitangaza kemikali za ajabu alizozikuta ndani yake. Kwa kuiga kemikali hizo ilipatikana dawa iitwayo sitarabini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1969, ambayo mpaka leo hutibu saratani ya damu, na watoto wamo katika wagonjwa wanaoponywa nayo. Kama sifongo ile ingeandikwa kwa jina lisilo lake, mtu wa pili asingejua aende kuitafuta wapi.

WANAWAKE WA JAMBIANI

Fikira ya kulima sifongo si mpya. Oscar Schmidt, profesa wa Graz, alikata vipande vya sifongo na kuvipanda katika Bahari ya Adria katika miaka ya 1860 na mwanzo wa miaka ya 1870, na vikaota. Lakini hakupata faida. Hata wavuvi wa huko hawakufurahia kuona kazi yao ikigeuzwa kuwa kilimo.

Katika Unguja jambo hilo limekuja kwa njia ya shida. Tangu mwaka 1989 wanawake wa pwani ya mashariki walilima mwani, uliouzwa nchi za nje kwa kutengenezea vyakula na dawa ya meno. Maelfu yao walipata fedha zao wenyewe kwa mara ya kwanza. Lakini baadaye maji ya ufukoni yalizidi kuwa na joto, ile namna ya mwani yenye bei nzuri ikaanza kufa, na ile nyingine haikuwa na bei ya kumlisha mtu. Katika kijiji cha Jambiani, shirika moja lililoanzishwa na watu wa Uswisi, liitwalo marinecultures.org, lilianza kujaribu kilimo cha sifongo mwaka 2009. Ilibidi kwanza zitafutwe sifongo za kienyeji zinazofaa, na nyingi zilizojaribiwa zikakataliwa. Ndipo ule uainishaji wa nyuzi, ambao wasomaji wengine labda waliuona kuwa maneno ya vitabuni tu, ukawa jambo la riziki.

Wakulima ni wanawake, wengi wao wakilea watoto peke yao. Hufundishwa kuogelea, kitu ambacho wanawake wengi wa vijiji hivyo hawakufundishwa utotoni ingawa walizaliwa hatua chache kutoka majini. Kamba hutandazwa majini kati ya nguzo na maboya, na vipande vya sifongo hufungwa juu yake. Toka hapo kazi ni ile ile ya shamba la pojo: palizi. Mwani na wanyama wadogo hujishikiza juu ya sifongo na kuziba matundu yake, nao sharti waondolewe mara kwa mara. Sifongo ikifikia ukubwa unaotakiwa, baada ya mwaka au zaidi, huvunwa, huachwa mpaka nyama ioze, huoshwa mara nyingi, hukaushwa. Mbegu ya shamba jipya hukatwa katika sifongo zile zile za shambani, hata isiwe lazima kuparua miamba ya bahari. Magazeti yaliandika kwamba moja iliyo nzuri huweza kuuzwa kwa watalii mpaka dola 30 za Marekani. Si kazi ya watu wengi; ni mashamba machache, na soko lake hutegemea wageni, ambao mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, walikoma kuja.

MATOPE YA MTO ATHI

Msomaji wa Kitui aweza kusema kwamba haya yote ni ya watu wa pwani. Lakini mto Athi, ambao ni mpaka wa Kitui na Makueni, haumalizikii Tsavo. Ukiisha kukutana na mto Tsavo huitwa Galana, tena huko chini huitwa Sabaki, na huingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi, karibu na hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968.

Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walitangaza habari za jiwe la matumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300. Matumbawe huongezeka tabaka kwa tabaka kila mwaka kama pete za mti, na katika kila tabaka hubaki alama ya udongo ulioletwa na mto. Kwa karibu miaka mia mbili alama hiyo ilikuwa ndogo, haibadiliki sana. Tangu mwanzo wa karne ya 20 ikaanza kupanda, ikazidi kupanda. Ni wakati ule ule ambapo mashamba makubwa ya walowezi yalikatwa huko juu, Wakamba wakasongamana na mifugo yao katika sehemu walizoachiwa, na vilima vikabaki uchi. Ugomvi juu ya udongo huo wazee wanaukumbuka kwa masimulizi: mwaka 1938 Serikali ilipowalazimisha watu wa Machakos kuuza ng'ombe kwa sababu ya mmomonyoko, Muindi Mbingu aliwaongoza kwenda Nairobi kwa miguu kulalamika.

Udongo mwembamba ukitanda juu ya sifongo, vitundu vyake huziba. Mnyama huyu aweza kusimamisha kazi ya kuvuta maji kwa muda ili ajiokoe, na namna nyingine huvumilia tope kuliko wenzao. Lakini akikaa hivyo mno atakufa kwa njaa, maana hana njia nyingine ya kula. Watoto wa sifongo nao, ambao huogelea saa chache au siku chache tu kabla ya kujishikiza, huhitaji mwamba ulio safi.

Jambo hili lina upande wake wa pili, nao hausimuliwi mara nyingi. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha kwamba katika Machakos ya zamani, ambayo ilikuwa pamoja na Makueni, mmomonyoko ulipungua ingawa watu walikuwa wameongezeka mara kadhaa, kwa sababu wakulima wenyewe walichimba matuta. Katika Kitui, shirika la SASOL pamoja na wanakijiji limejenga tangu mwaka 1995 mabwawa ya mchanga mamia kwa mamia katika vijito vya msimu. Ukuta huzuia mchanga, mchanga hushika maji, na akina mama huchota karibu na nyumbani.

Hata hivyo mvua kubwa za Aprili na Novemba zikinyesha, bahari ya Malindi ingali inageuka rangi kwa maili nyingi. Mwenyeji wa Ukambani aliyeajiriwa huko hotelini haambiwi rangi hiyo imetoka wapi. Ni nyekundu ya shamba la kwao.